Kuku Mia Mbili Wamechanjwa

"Mimi ni Kasimiri, mwana wa mwalimu Gaudens, mjukuu wa katekista Petro," mzee alisema akitoa vyombo vya maji bandani, ili kuku wapate kiu na kuinywa yote chanjo ya ugonjwa wa mdondo itakayotiwa majini. "Watu wa heshima hao, na hakuna aliyechomwa sindano kwa sababu ya mafua."

Bintiye Flaviana, muuguzi, alisimama mlangoni mwa banda lao la Gongo la Mboto. "Baba, mama ana pumu. Akichanjwa dhidi ya mafua, mkono utamuuma, pengine apate homa siku mbili. Mzio mkali upo, ila ni nadra sana. Na huenda akaugua bado. Lakini asipochanjwa, mafua makali yanaweza kumziba kifua kabisa."

"Homa ya siku mbili! Na kuku hawa nani atawahudumia?"

Genoveva, mkewe, aliinua kichwa kutoka kwenye ndoo. "Mie nataka, baba Flaviana."

"Nani kakuuliza?"

Genoveva akacheka, kifua kikilia filimbi. "Ningekuwa tetea ningeshachanjwa."

Kuku walichanjwa. Wawili dhaifu walizubaa, wakafa. Kasimiri akawafukia bila kunung'unika. "Wawili katika mia mbili ni nafuu kubwa," alisema.

Wiki tatu baadaye, siku ya kurudia chanjo, Genoveva alikuwa amekohoa kwa mafua siku tatu, mwili ukiwaka homa. Alfajiri alivitoa vyombo vya maji kimoja kimoja, akipumzika kila hatua.

"Baba Flaviana, pumzi haitoshi."

"Maliza kwanza. Utalala baadaye."

Alianguka na chombo cha mwisho mkononi. Hospitali walimketisha wima, kwa kuwa kulala kulimkaba. Kabla ya adhuhuri akafa hivyo hivyo, ameketi, macho wazi, kama anayengoja kuruhusiwa.

Alasiri Kasimiri aliwapanga wajukuu uani. Sauti yake ilikuwa ile ile ya amri.

"Nyie, nisikilizeni! Kesho mtakwenda na Flaviana kwa daktari. Mwulizeni faida, mwulizeni na madhara. Mpime wenyewe. Asiwapimie mtu, hata mimi. Mmesikia?"

Flaviana alimtazama. "Marehemu naye alikuwa na masikio, Baba. Alisikia, akasema anataka."

Bandani, kuku mia moja tisini na wanane walikuwa bado na kiu, wakidonoa duara za udongo mkavu, pale vyombo vya maji viliposimama jana.