Wimbo wa Maziko ya Driciru

Mke wangu Driciru alipofariki, rafiki yangu Aliga, mwimbaji mkongwe wa Arua, alimtungia wimbo. Aliuimba kaburini kwetu Midia, akaniahidi kwamba hatauimba jukwaani kamwe.

Juzi, sokoni Koboko, niliusikia ukitoka kwenye spika ya muuza simu. Ulikuwa umerekodiwa katika tamasha lake la Arua, na makofi ya watu yalisikika. Alipofika penye jina la marehemu, Aliga aliimba "Harriet", jina la mke wa tajiri aliyegharamia tamasha lile.

Nilipanda gari moja kwa moja hadi kwake Awindiri.

"Ndugu yangu, karibu! Umesikia rekodi? Watu walilia!"

"Walimlilia nani?"

Aliga akacheka kidogo. "Wewe nawe! Jina iko kitu gani? Wimbo iko ule ule. Driciru hawezi kukasirika."

"Mimi niko hai, Aliga."

Akanivutia kiti, akamwita mkewe alete chai. Tangu ujana wetu sikuwahi kukataa chai ya nyumba ile. Nikamwambia Aliga kikombe changu ampe Harriet, nikatoka.