Sufuria ya Tadei

Nilitoka gerezani Jumatatu, baada ya kutumikia kifungo cha miaka miwili kwa kosa la kuchoma mkaa msituni. Jumanne nikaenda ofisi ya kijiji hapa Endasak, niandikishwe kwenye mahindi ya msaada, maana ukame ulikausha mashamba yote.

"Tadei, wewe si kaya," akasema Mzee Sulle, mwenyekiti. "Kaya ni mahali moto unawaka na watu wanakula. Kwako kuna popo tu."

Na mimi nilikuwa nimetoka kumpa shikamoo! Iliniuma. Akasema atapita Alhamisi kukagua, na siku hiyo hiyo orodha inafungwa.

Dada yangu Oliva alinipa unga kilo mbili na maharage kidogo, ndiyo aliyokuwa nayo. "Ujibane, ifike Jumatatu ya mgao," akaniambia. Mimi Alhamisi asubuhi nikapika yote. Gerezani nilikuwa jikoni, ugali naujua.

Wakaja wawili, Mzee Sulle na mtendaji wa kijiji, dada Angela, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Niliwapokea mlangoni na maji ya kunawa. Huku kwetu ukikuta watu wanakula huondoki hivi hivi, utasemwa mpaka kanisani. Mzee akatazama saa, akatazama ugali, akanawa.

Walikula jamani! Angela aliomba maharage mara mbili. Mimi nilimega matonge mawili tu, nikawa nawakaribisha.

Mzee aliposhiba akacheka. "Haya, moto nimeuona, wewe ni kaya. Ila kaya inayokula hivi haina shida. Angela, usimwandike."

Hiyo nilikuwa naisubiri tangu alfajiri. Nikaweka sufuria tupu miguuni pake, nikaukung'uta mfuko wa unga juu ya hiyo sufuria. Hakikudondoka kitu.

"Hicho kilikuwa chakula changu chote, mzee. Sasa kiko tumboni mwenu."

Angela aliinama, mabega yakimtikisika kwa kicheko, akaniandika bila kumuuliza mtu. Nilifurahi mpaka nikataka kulia, sifichi. Kisha akainua kichwa.

"Lakini mahindi yanagawiwa Jumatatu. Mpaka hapo atakula nini?"

Hilo, kusema kweli, sikuwa nimelipigia hesabu. Angela akamgeukia mwenyekiti, akamkazia macho.

"Atakula kwangu," Mzee Sulle akasema kwa hasira, akitafuta kofia yake.