Kamba Isiyosugua

Jumatatu asubuhi, pale Chapwa karibu na mpaka, Osward alimwonyesha bosi wake Yesaya kamba. Ilikuwa imechakaa sehemu moja, nyuzi zimetoka nje kama sharubu za panya. Kazi ya Osward ilikuwa kupanda mikaratusi kwa kamba hiyo hiyo moja na kukata matawi yanayogusa nyaya za umeme. Kila akipanda, mti unaila kamba. Kwa hiyo, mara ya tatu sasa, aliomba pete ya chuma ya kupitishia kamba kule juu, isisuguane na gome. Kapete tu, kama bangili ya mtoto.

Yesaya hata kamba hakuiangalia. Aliwageukia mafundi wote. "Mimi kwenye timu yangu sitaki msuguano."

Jumanne msuguano haukuwepo.

Osward alifika kileleni wenzake hawajamaliza chai. Kamba ilipita kama uzi kwenye samli. Yesaya akafurahi, akamwongezea miti sita. Shida ilikuja kwenye kushuka, maana fundo la kushukia linashika kwa kusugua. Alishuka moja kwa moja, na chini nako hakukumshika. Akateleza amesimama wima, kofia ngumu kichwani, akaipita foleni yote ya malori, akavuka mpaka. Askari alimdaka mkono, ukaponyoka. Kule Nakonde shangazi yake alimsukuma na mwiko, akarudi. Tangu hapo ni kwenda na kurudi tu. Madereva wameshamzoea, wanampisha.

Mkewe, Violet, alimfuata Yesaya kudai fidia.

"Mama Judith," Yesaya alisema kwa upole, "fidia ni ya aliyeanguka. Mumeo kaangukia wapi?"

"Hajasimama bado, bosi."

"Basi akisimama, uje."

Siku hizi ikifika saa kumi jioni Violet anatoka barabarani na jivu kwenye kopo. Anajipaka viganjani kama anayeshika kambale, anamdaka mumewe. Jivu linatosha matonge manne ya ugali, na habari kwamba Judith ameota jino. Jana alimwambia ile kazi kapewa Clement, mdogo wake Osward. Kamba ile ile.

Osward akameza tonge. "Na pete kapewa?"

"Ameomba, Baba Judith. Kaambiwa asilete msuguano."

Jivu likaisha. Osward akaelekea mpakani.