Joka na Ndama Mmoja

Kwa mara ya tatu jioni ile, joka la kompyuta lilichoma zizi la Sinyati. Ng'ombe wake thelathini wenye mabawa waligeuka majivu kwenye skrini, na Derick, aliyekaa kiti cha pili, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mama Naisula, leo tena umetualika nyama choma."

"Cheka tu. Bado mapema."

Derick ndiye aliyemtengeneza mpinzani mwenye joka lile, akamwita Mfalme Giza na kumpa ngazi tatu: Mpole, Wastani na Mkali. Mpole, Sinyati alimfunga siku ya kwanza huku ananyonyesha. Lakini Mkali alikuwa hajafungwa na mtu yeyote katika darasa la jioni la kutengeneza michezo ya kompyuta pale Levolosi. Na Mwalimu Hedwiga alishasema: nafasi ya mjaribu wa mchezo ni moja, miezi mitatu, yenye mshahara, na leo ndiyo mwisho. Ataichukua atakayepata udhaifu wa Mkali na kuueleza ukaeleweka.

Sinyati aliitaka nafasi ile mpaka ikawa inamkosesha hamu ya kula. Aliacha shule kidato cha pili. Watu walishamlipa kwa kufua na kwa kupalilia. Kwa kufikiri, hakuna aliyewahi.

Alimkaza mwanawe Naisula vizuri mgongoni kwa kanga, akaanza upya. Safari hii alificha zizi nyuma ya msitu, kwenye ukungu mzito. Joka likapaa likaja moja kwa moja, bila kutuma mpelelezi, bila hata kuzunguka.

"Hili joka lako linaona kwenye ukungu," alisema.

Derick alijikuna shingo. "Kidogo."

"Kidogo kivipi?"

"Linaona ramani nzima. Ningefanyaje, dada? Mwanzo lilikuwa linapotea njia."

Basi linaona kila kitu, aliwaza Sinyati, na linakwenda penye ng'ombe wengi. Hapo akamkumbuka baba yake, mzee Lemburis, kule Olmotonyi. Utotoni alimuuliza kwa nini ng'ombe wao mwekundu anaishi kwa rafiki yake, mzee Yiamat, na wengine wawili kwa shangazi. Baba alimjibu huku anakamua: "Ugonjwa ukiingia hapa, usiwakute wote nyumbani."

Akafungua mchezo mpya. Ng'ombe thelathini akawagawa kwa marafiki sita, watano watano: kwa mbilikimo, kwa wachawi wa ziwani, hadi kwa majitu ya mlimani.

"Umechanganyikiwa," alisema Derick. "Sasa utalinda wapi?"

"Silindi."

Kisha akahamisha ndama mmoja kutoka kwa majitu kwenda kwa mbilikimo, mashariki, huko wakawa sita. Joka likapaa kuelekea mashariki. Lilipokaribia, akampeleka ndama magharibi kwa wachawi, sasa sita wakawa huko. Joka likageuka. Akamhamisha tena, likageuka tena, linahema moto hewani bila kuunguza hata jani. Derick aliacha kucheka. Wakati joka likihangaika na ndama, askari wa Sinyati walitembea taratibu mpaka kwenye ngome ya Mfalme Giza, wakakuta lango halina mlinzi.

Mwalimu Hedwiga alikuwa amesimama nyuma yao muda wote.

"Umeshinda. Sasa nieleze kwa nini."

Sinyati aligeuka. "Shikamoo, Mwalimu. Mkali hana akili kuliko sisi. Anaona tusichoona, basi. Halafu anahesabu ng'ombe upya kila zamu, kwa hiyo hafiki popote."

"Na dawa yake?"

"Atume wapelelezi kama sisi. Na akishashika njia, afike kwanza, ndipo abadili mawazo."

Mwalimu alimtazama Derick. Derick akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa shati lake limevaliwa nje ndani.

"Jumatatu saa tatu asubuhi," alisema Mwalimu. "Mtoto njoo naye."

Sinyati alifungua kanga, akampakata Naisula.

"Hebu turudie," alisema Derick, anasogeza kiti. "Nataka kuliona vizuri likigeuka."

Naisula akapiga kitufe kwa kiganja kizima. Ndama akahama. Joka likageuka, na mtoto akacheka kuliko wote.