Kifaa Chetu

…na waliokuwamo ukumbini, Kivuli akawapitia tena mmoja mmoja ili macho yasirudi kwenye simu, walikuwa Mkuu wa Kitivo, kiti cha mbele, anasinzia mikono imefumbatana juu ya kitambi. Mama Mimea, mhadhiri wa botania, na chupa zake za dawa ya wadudu ambazo hakuna aliyekubali kuzinusa. Binti wa mwaka wa tatu aliyebuni programu ya kupanga foleni za zahanati, mdogo kuliko wote na hana woga hata chembe. Mkufunzi mwenyewe, viatu bila soksi, aliyewahi kuanguka fizikia katika ukumbi huu huu na sasa analipwa kuwafundisha waliomwangusha namna ya kuuza walichogundua. Na yeye Kivuli, mhadhiri msaidizi, aliyepewa jina hilo na wanafunzi kwa kutembea nyuma ya Profesa akimbebea mkoba, kisha akamwoa binti yake, na jina lisibanduke. Profesa hakuwamo. Profesa alikuwa hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, na ujumbe wa mke wa Kivuli ulikuwa bado unawaka pale mezani, Baba anakuulizia, anataka akishike kile kifaa, njoo nacho sasa hivi baba watoto, daktari hatupi matumaini… na hospitali si mbali, barabara moja na kona mbili, lakini mwekezaji anakuja mchana, na Mkufunzi amesema atampelekea mtu mmoja tu, anayetoka nje ametoka, nafasi anachukua Mama Mimea na chupa zake, "haya, wewe, simama tena, tusikie," na Kivuli akasimama, kifaa mkononi, kidogo kama kopo la maziwa, akasema, "Kifaa chetu kinapima unyevu wa nafaka kabla mkulima hajauza…" "Chetu na nani?" "Mimi na Profesa." "Profesa yuko wapi?" "Anaumwa." "Basi ni kifaa cha mgonjwa. Mwekezaji hatundiki pesa zake kwenye dripu, ndugu yangu," na wakacheka, hata Mama Mimea alicheka, yeye aliyempelekea mgonjwa matunda juzi, "na kinaitwaje?" "Jino." "La nani?" akadakia yule binti, "la babu?" na kicheko kikapanda tena mpaka Mkuu wa Kitivo akafumbua jicho moja na kulifumba.

La babu, ndiyo, wangejua… Profesa akiuma punje ya mahindi kwa gego la kushoto, macho kafumba, hii imekauka, hii itaota ukungu ghalani, na tanuri ya maabara, iliyokausha punje zilezile kupima maji yake, ikimkubali kila mara, mpaka siku gego lilipovunjika akacheka na damu mdomoni, akasema sasa itabidi tutengeneze jingine, tutengeneze, alisema, lakini mikono yake ilikwisha kutetemeka, nani aliyechomea nyaya, nani aliyeungua vidole, wazo lake, mikono yangu, sasa mtoto ni wa nani hapo, na siku ile mbele ya wageni niliposema kifaa changu, ulimi tu uliteleza, yeye bila kupandisha sauti, kama anavyosahihisha nukta ya desimali, "Chetu, mwanangu," na wageni wakatabasamu, na mimi nikatabasamu… "Neno moja tu linakuponza," Mkufunzi alikuwa anasema, akitembea kati ya viti, "chetu. Kitu cha wawili kina kesi ndani yake. Anayetoa mtaji anataka kumwona mtu mmoja, amkamate shati. Sema changu." "Lakini si…" "Mzee wangu, hapa hatuungami dhambi, tunauza. Sema."

Mwanangu. Kivuli akalisikia upya neno lile, likampasua, mwana wangu, yeye hakuona taabu hata kidogo kusema wangu, mkwe wangu, msaidizi wangu, mkoba wangu shika hapo, kila kitu chake kilikuwa chake, kifaa peke yake ndicho kilichokuwa chetu, na mimi nilikuwa miongoni mwa vitu vyake… na akiutazama uso wa Profesa kichwani mwake, umekonda juu ya mto, mkono umenyooshwa unangoja kushikishwa kopo hili, alingoja huruma ije kama ilivyokuja asubuhi, haikuja, kilichokuja ni hesabu, kwamba kama mzee angekufa jana, leo lile neno changu lingekuwa kweli tupu, nisingehitaji hata kufundishwa, na wazo hilo halikumtisha, hilo ndilo alilolishangaa, lilikaa vizuri kama kiatu kilichokwisha kuzoea mguu, basi na angoje, nimemngoja mimi miaka yote hiyo nje ya milango ya vikao, na angoje mara moja tu, naye aonje.

Akaigeuza simu uso chini.

"Kifaa changu," akasema, na sauti ilitoka nzito, nzuri, hakujua kuwa anayo, "kinapima unyevu wa nafaka kabla mkulima hajauza. Nimekibuni mwenyewe." "Ee-he!" Mkufunzi akapiga makofi, na binti akapiga, na Mama Mimea akapiga polepole huku akizisogeza chupa zake chini ya meza, "mmemwona mtu? Mmeona alivyorefuka? Tena, rudia, mara hii tabasamu," na Kivuli akatabasamu, akafungua mdomo, "Kifaa changu…" Mkuu wa Kitivo alikuwa ameamka, ameinama na simu yake sikioni, anasema ndiyo mama, ndiyo, yupo hapa mbele yangu, anazungumza, nitamwambia. Akaiweka simu mfukoni. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, akasema Profesa amefariki.