Walimpanga Boke na Mkwewe

Mama mwenye binti anayesoma kwa simu, soma hili kabla hawajampangia kundi.

Binti yangu Boke anafundisha chekechea Matongo. Ameambiwa asipopata cheti, darasa atapewa mwingine. Akajiandikisha kozi ya mtandaoni, na jioni anakuja kusomea kwangu Nkende kwa sababu kwao mtandao unasumbua. Humohumo kwenye simu akapata rafiki, Efrazia wa Kisaka, mwalimu kama yeye. Hawajawahi kuonana, lakini wakianza kutaniana ungedhani wamenyonya ziwa moja.

Juzi mkufunzi wao, Nikolaus, akawagawa wawili wawili. Kila mtu afungue kamera, ahojiane na mwenzake darasa zima likiwatazama, na alama zitolewe hapohapo. Boke akapangwa na nani? Mzee Mniko, baba mkwe wake, mwalimu wa siku nyingi anayetafuta cheti hichohicho.

Sisi Wakurya mtu hakai akatazamana na mkwewe na kumhoji. Ni ensoni, aibu ya heshima. Hata njiani Boke humpisha mbali. Basi binti akaifunika simu kwa kitenge. Kamera ya mzee nayo ikawa inaonyesha bati la paa.

"Dada wa Tarime, umelala au umenuna?" Nikolaus akauliza. Darasa likacheka.

Efrazia akaeleza kwamba yule ni mkwe wa Boke, akaomba yeye ndiye akae na mzee. Nikolaus akasema kundi halibadilishwi, mila ziachwe nyumbani. Nyumbani? Boke alikuwa amekaa jikoni kwangu. Walioingia nyumbani kwa watu ni wao. Nikolaus akaongeza kuwa asiyeongea anapata sifuri na kozi imemshinda.

Hapo ikasikika sauti ya mzee, uso hauonekani. "Mwalimu, niondoe mimi. Huyo mama wa wajukuu wangu mpe mwenzake, asome." Akajitoa.

Dakika ileile Boke akapangwa na Efrazia. Kumbe kundi hubadilishwa, ila mpaka mzee wa watu apoteze masomo yake kwanza.

Boke alipata alama nzuri na usiku hakula. Mume wake mpaka leo hajui aanzie wapi kwa baba yake. Na huyo Nikolaus hata pole hajatuma.

Waambieni mabinti zenu waulize majina mapema, na wakwe zao wawataje kabla kamera haijafunguliwa. Mkufunzi asiyetaka kusikia, darasa zima limwambie, asibaki Efrazia peke yake.