Uso wa Nadine

Kila Agosti maktaba yetu hapa Bethel hutundika picha moja kubwa ya umati uliofurika kilimani kwenye tamasha la muziki la Woodstock, mwaka 1969. Anayejiona ndani yake huchoma pini yenye jina lake kando ya uso wake, ila sharti mtu wa hapa aliyemjua enzi hizo atie sahihi kwenye daftari langu. Waongo ni wengi. Wangekuwepo wote wanaodai walikuwepo, kilima kingetitia.

Msichana aliyejifunika blanketi, mabega wazi, matope usoni, anayecheka kichwa amekirudisha nyuma, ana pini ya bibi yangu, Arlene. Marehemu babu ndiye aliyemtilia sahihi. Miaka ishirini sasa bibi huwasimulia watoto wa kambi za likizo habari za siku zile tatu.

Jumamosi aliingia mama mzee mwenye mkongojo, akaenda moja kwa moja kwenye uso ule.

"Nani kaniita Arlene?"

Nilimjua kwa sauti. Ilikuwa ya bibi kabisa. Huyu ndiye Nadine, mdogo wake, ambaye nyumbani kwetu alitajwa kwa kunong'ona.

"Nimetoka Oregon kwa basi, siku tatu," alisema. "Daktari kanipa hadi Krismasi. Nataka jina langu tu hapo, mwanangu. Sina ombi jingine."

Aliyebaki hai wa kumtilia sahihi alikuwa mmoja tu. Nikampigia bibi simu. Alikuja amevaa zile shanga anazovaa akiwasimulia watoto.

"Umezeeka, Nadine."

"Na wewe umekuwa mimi."

Nilisogeza daftari. "Bibi, ni sahihi tu."

"Wewe nyamaza. Watoto wale nitawaambia nini? Kwamba nilikuwa zizini nakamua, na maziwa tukayamwaga kwa sababu barabara zilijaa magari?"

"Waambie hivyo," Nadine alisema. "Si ndiyo kweli?"

"Hakuna anayetaka kusikia habari za maziwa. Halafu picha yenyewe haionekani vizuri. Anaweza kuwa yeyote."

Nadine aliugusa uso ule pichani.

"Ilipotoka gazetini, baba aliiweka mezani akauliza huyu ni nani. Hakunitambua kwa matope yale. Wewe ndiye uliyeweka kidole hapa, Arlene. Kabla ya chakula cha jioni nilikuwa barabarani na mfuko mmoja. Siku ile ulinijua vizuri."

"Nilikuwa na miaka ishirini."

"Mimi kumi na minane."

Bibi alichukua mkoba wake akaondoka bila kugusa kalamu. Mimi, ambaye sijawahi kumpinga, niliandika jina langu mahali pa shahidi. Nadine alisoma, akatikisa kichwa.

"Ulikuwa hujazaliwa, mwanangu. Uongo juu ya picha hii umetosha."

Aliing'oa pini ya Arlene mwenyewe, akaiacha mezani. Yake hakuichoma. Basi la saa tisa aliliwahi.

Jumatatu watoto wa kambi walikuja. Bibi alisimama mbele ya uso usio na jina, akawaambia, "Huyu ni mimi." Mwalimu wao alinitazama, kana kwamba anasubiri niongeze neno.

Niligawa biskuti.